Nyumba Njema si Mlango: Historia ya Rimu za Magari ya Misuli ya Marekani

Mwalimu wetu alipotutaka tuandike insha ya historia kuhusu kitu kidogo chenye habari kubwa, wenzangu walichagua chumvi, kanga, simbi na sarafu ya rupia. Mimi nilichagua nati ya gurudumu, na darasa likacheka. Naomba msomaji anivumilie. Nina sababu mbili, moja ya nyumbani na nyingine ya kitaaluma, na nitazitaja zote mbili.

Sababu ya nyumbani ni hii. Kaka yangu mkubwa aliendesha takisi kwa miaka sita, yaani lile basi dogo ambalo Wakenya huliita matatu na Watanzania daladala. Kwa akiba yake alinunua Toyota Mark II iliyotumika. Desemba 2018 alinituma kwa muuzaji wa vipuri mjini Kampala nikachukue rimu nne za mtumba ambazo alikuwa amekwisha kuzilipia. Zilikuwa za alumini, zenye mikono mitano minene, zinang'aa kama sahani ya arusi. Muuzaji aliniuliza, "Unachukua na nati zake?" Nikamjibu, "Tunazo." Jioni ile tulizifunga uani, kaka akipiga jeki, mimi nikikaza kwa wili spana. Wiki tatu baadaye gurudumu la nyuma lilichomoka kwenye barabara ya Masaka. Gari liliingia mtaroni na mguu wa kaka ukavunjika mahali pawili.

Fundi mmoja mzee wa mtaani kwetu alikuja kulitazama gari lile. Hakusema mengi. Alichukua nati moja iliyosalia, akaiweka kwenye tundu la rimu, akaniita. "Mwanangu, hebu tazama. Nati hii ina washa bapa, na tundu hili limechongwa kama koni. Inakaa mdomoni tu, haiingii." Nilitazama. Ilikuwa kama kifuniko cha sufuria kilichowekwa juu ya kikombe.

Sababu ya kitaaluma ilikuja baadaye, nilipoanza kusoma kuhusu asili ya rimu za mikono mitano. Niligundua kwamba kosa letu la uani lilikuwa limekwisha kufanywa Marekani nusu karne kabla yetu, katika zama za magari ambayo Wamarekani huyaita magari ya misuli. Niligundua pia kwamba historia ya magari hayo husimuliwa kama historia ya injini na mbio. Hoja yangu katika insha hii ni tofauti. Nadhani ukiitazama kutoka kwenye gurudumu, historia hiyo ni historia ya vipimo: kila kiwanda kilikuwa na kipimo chake, soko lilitaka rimu moja ya kuyafaa magari yote, na pengo lililobaki katikati lilizibwa kwa nati na washa. Nitaeleza kwanza asili ya rimu hizo, kisha tatizo la vipimo, kisha jinsi sheria ilivyoingia, na mwisho njia ambayo vipimo hivyo vilifika hadi kwetu.

Asili ya kung'aa

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, na kwa miaka kadhaa baadaye, gari la kawaida la Marekani lilitoka kiwandani likiwa na rimu za chuma zilizofunikwa kwa wilikapu. Rimu ilikuwa kitu cha kufichwa. Walioanza kuiangalia kwa jicho jingine walikuwa watu wa mbio. Ted Halibrand wa California alitengeneza rimu za magnesiamu kwa magari ya mashindano, yakiwemo yale ya Indianapolis. Magnesiamu ni nyepesi kuliko alumini, na gurudumu jepesi huliwezesha gari kushika kasi na kusimama upesi. Lakini madini hayo huliwa haraka na unyevu na chumvi, na yakishika moto ni vigumu kuyazima. Hayakufaa kwa mtu anayekwenda kazini kila siku. Hata hivyo, jina lilibaki. Hadi leo Wamarekani wengi huita rimu yoyote ya kuvutia kwa kifupi cha neno magnesiamu, hata kama ni ya alumini tupu.

Baada ya vita vijana wa California walikuwa na magari ya bei nafuu na barabara ndefu zilizonyooka. Mwaka 1948 Robert E. Petersen alianzisha jarida la Hot Rod, na mwaka 1951 Wally Parks akaanzisha NHRA, chama kilichoyatoa mashindano ya kasi barabarani na kuyapeleka kwenye viwanja vyenye kanuni. Soko la vipuri likakua nyuma ya mashindano hayo. Mwaka 1956 kampuni ya American Racing ilianzishwa San Francisco, na Romeo Palamides akiwa miongoni mwa waanzilishi wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni hiyo ilitoa rimu ya mikono mitano iliyoitwa Torq Thrust. Nilipoona picha yake kwa mara ya kwanza nilinyamaza kwa muda, kwa sababu rimu za kaka yangu zilikuwa wajukuu zake dhahiri.

Mwaka 1964 mambo mawili yalitokea. Kampuni ya Pontiac, ambako John DeLorean alikuwa mhandisi mkuu, ilichukua gari la ukubwa wa kati na kulitia injini ya inchi za ujazo 389, yaani karibu lita 6.4, ikaliita GTO. Mwaka huo wa kwanza zilitengenezwa GTO 32,450. Wanahistoria wengi wa magari huhesabu zama za magari ya misuli kuanzia hapo. Tarehe 17 Aprili mwaka huohuo Ford nao walizindua Mustang katika maonyesho ya New York, na kabla ya miaka miwili kutimia walikuwa wamekwisha kutengeneza milioni moja. Yalifuata Chevelle, Charger, Camaro na Road Runner. Kijana aliyepata mshahara wa kiwandani angeweza sasa kununua kasi kwa mkopo.

Lakini tatizo la kitu kinachotengenezwa kwa milioni ni kwamba hufanana na cha jirani. Njia rahisi na ya haraka ya kulifanya gari liwe lako ilikuwa kubadilisha rimu. Hakukuhitajika fundi, bali jeki, spana na Jumamosi moja. Mwaka 1968 filamu ya Bullitt iliwapa watu picha ambayo hawakuisahau: Steve McQueen akiendesha Mustang ya kijani yenye rimu za Torq Thrust katika milima ya San Francisco, akishindana na Dodge Charger nyeusi. Watazamaji wenye macho makali wamehesabu kwamba katika mbio hizo Charger hudondosha wilikapu nyingi kuliko idadi ya magurudumu yake, kwa sababu tukio moja lilionyeshwa kutoka pembe mbalimbali. Huwa nacheka nikiitazama sehemu hiyo. Pia huwa naona ndani yake mgongano wa zama mbili, rimu iliyofichwa chini ya kifuniko na rimu iliyojitokeza hadharani.

Rimu moja kwa magari yote

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Rimu hushikwa na stadi zinazotoka kwenye habu, nazo hupangwa katika duara. Kipenyo cha duara hilo ndicho kipimo cha kwanza ambacho lazima kilingane. Katika miaka ya 1960 Marekani haikuwa na kipimo kimoja. Chevelle, Camaro na GTO, zote za General Motors, zilitumia stadi tano kwenye duara la inchi 4.75. Mustang yenye injini ya V8, na vilevile Charger na Road Runner za Chrysler, zilitumia stadi tano kwenye duara la inchi 4.5. Mustang yenye injini ndogo ya silinda sita ilikuwa na stadi nne tu katika miaka yake ya mwanzo. Dodge Dart na Plymouth Valiant zilitumia duara la inchi 4.

Unene wa stadi nao ulitofautiana. General Motors walipendelea stadi ya inchi 7/16, ilhali Ford na magari makubwa zaidi ya Chrysler yalitumia ya nusu inchi. Ukitia nati ya nusu inchi kwenye stadi ya 7/16, huingia bila kushika chochote. Isitoshe, hadi mwaka wa modeli 1970 Chrysler waliweka stadi zenye nyuzi za mkono wa kushoto kwenye magurudumu ya upande wa kushoto, kwa imani kwamba mzunguko wa gurudumu usingeweza kuzilegeza. Herufi L ilipigwa kwenye ncha ya stadi. Asiyejua habari hiyo alikaza huku akidhani anafungua, au alifungua huku akikaza, mpaka stadi ikakatika mkononi mwake.

Fikiria basi muuzaji wa rimu wa mwaka 1964. Akitaka kumhudumia kila mteja, lazima arundike rimu za kila kipimo dukani. Jibu la soko lilikuwa la kijanja. Cragar walitoa mwaka huo rimu iliyoitwa S/S, yenye kitovu cha alumini na ukingo wa chuma uliopakwa kromu, na ikawa mojawapo ya rimu zilizopendwa sana katika zama zile. Badala ya matundu ya duara, rimu ya aina hiyo ilipewa matundu marefu kidogo, ili iyafae magari ya duara la 4.5 na ya 4.75 pia. Tofauti ya kipenyo hapo ni robo inchi, yaani milimita 6.35, na kila stadi husogea kwa nusu ya hiyo tu, zaidi kidogo ya milimita 3. Nafasi iliyobaki ndani ya tundu ilijazwa na washa maalumu ambayo shimo lake halikuwa katikati. Uligeuza washa huku na huku mpaka ikae kulingana na gari lako, kisha ukaingiza nati yenye shingo.

Kwa maneno mengine, rimu iliyodai kuyafaa magari yote haikulifaa gari lolote mpaka mtu aifae. Kazi ya kulinganisha vipimo ilitolewa kiwandani, ikakabidhiwa kwa kijana aliyechuchumaa uani Jumamosi jioni. Washa ikiwekwa kinyume, rimu ilikaa upande. Nati za kiwandani zenye koni zikitumiwa mahali pa nati zenye shingo, zilikaa mdomoni. Na nati maalumu ziliuzwa kando, kwa bei ya ziada. Naweza kuwaza ni wangapi walioulizwa kama wanazichukua na wakajibu kama nilivyojibu mimi.

Gurudumu hushikwa na nini?

Hapa naomba niache tarehe kidogo, maana bila jambo hili historia yenyewe haieleweki. Mimi nilidhani rimu hukaa kwa sababu imening'inia juu ya stadi. Sivyo. Nati inapokazwa, stadi hunyooka kidogo sana, kama mpira uliovutwa, na kutaka kurudi. Nguvu hiyo ya kurudi huubana uso wa rimu dhidi ya uso wa habu, na msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unaobeba gari likivuta, likifunga breki na likipinda. Stadi kazi yake ni kubana, si kubeba.

Kwa hiyo chochote kinachopunguza mbano ni adui. Rangi nene au kutu kati ya rimu na habu husagika, na mbano hupungua. Alumini ni laini kuliko chuma, hivyo nati ikigusa sehemu nyembamba tu ya tundu, sehemu hiyo hubonyea, na mbano hupungua. Mbano ukipungua, rimu huanza kucheza. Ikicheza, stadi hubeba kazi isiyo yake, huchoka, na mwisho hukatika moja baada ya nyingine. Kabla ya hapo gari husema. Kwa siku mbili Mark II ya kaka ilikuwa ikigonga tak, tak, tak tukipunguza mwendo. Tulidhani ni shokapu.

Sheria yaingia

Je, ni soko lililojirekebisha, au ni serikali iliyolazimisha? Swali hili niliulizwa na mwenzangu nilipowasomea rasimu ya insha hii, na nadhani jibu ni yote mawili, ingawa si kwa uzito uleule.

Watengenezaji wa vipuri walikuwa wamekwisha kuunda chama chao, SEMA, mwaka 1963. Waliona kwamba kipuri kibovu cha mmoja huharibu jina la wote. Lakini mwaka 1965 Ralph Nader alichapisha kitabu chake kuhusu hatari za magari ya Marekani, na tarehe 9 Septemba 1966 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria iliyoipa serikali kuu mamlaka ya kuweka viwango vya usalama wa magari. Gurudumu lilikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza kuguswa. Kiwango namba 211 kilipiga marufuku nati na wilikapu zenye masikio yaliyojitokeza nje, yale yanayoweza kumchana mpita njia. Corvette ilikuwa imeuzwa tangu mwaka 1963 na rimu zilizofungwa kwa nati moja kubwa ya katikati yenye masikio, inayokazwa kwa nyundo. Kwa modeli ya mwaka 1967 General Motors waliiacha, wakaleta rimu ya alumini yenye stadi tano za kawaida.

Viwanda vyenyewe navyo havikuwa watakatifu. Vilipoona pesa zinakwenda kwa wauza vipuri, vilianza kuuza rimu za mapambo kutoka kiwandani. Motor Wheel ya Lansing, Michigan, ilitengeneza rimu ya chuma iliyoitwa Magnum 500, nayo ikafungwa kwenye magari ya kampuni zaidi ya moja. Chevrolet walikuwa na rimu zao za Rally. Kwa modeli za mwaka 1969 Chrysler walitoa rimu yenye kitovu cha alumini na ukingo wa chuma, iliyotengenezwa na Kelsey-Hayes, lakini haikukaa sokoni. Ilirudishwa kwa sababu nati zake hazikuweza kubaki zimekazwa. Zile chache zilizosalia sasa hutafutwa na wakusanyaji kwa bei kubwa, kwa ajili ya maonyesho.

Mfano huu ndio unaonifanya nisikubaliane na wanaosema kwamba ajali za rimu zilitokana na ujinga wa vijana. Kampuni yenye wahandisi, maabara na viwanja vya majaribio ilishindwa na jambo lilelile. Tofauti ni kwamba kampuni iliweza kuwaita wateja wake na kuwabadilishia. Kijana aliyenunua dukani hakuwa na wa kumwita.

Kufunga ipasavyo

Zama zile hazikudumu. Sheria ya hewa safi ya mwaka 1970, bima iliyopanda, na marufuku ya mafuta ya Oktoba 1973 viliyapunguzia magari yale nguvu. Jina la GTO likakoma baada ya modeli ya 1974. Magari yaliyobaki yamekuwa mali ya kutunzwa, na rimu za sura ya zamani bado hutengenezwa upya, mara nyingi kwa ukubwa wa inchi 17 badala ya 14 au 15 za awali. Kwa hiyo anayefunga rimu kwenye Camaro ya 1969 leo hukutana na maswali yaleyale, na mengine zaidi. Nimeyakusanya hapa, kwa kuwa ndiyo mafunzo halisi yaliyoachwa na historia hii.

La kwanza ni duara la stadi. Kwa stadi tano, pima kutoka katikati ya stadi moja hadi katikati ya ile ya jirani, kisha zidisha kwa 1.7. Ukipata karibu milimita 67 kati ya stadi, duara ni la inchi 4.5. Ukipata karibu milimita 71, ni la 4.75. Milimita nne tu, lakini haziombi radhi.

La pili ni kina cha nyuma, yaani umbali kutoka ukingo wa ndani wa rimu hadi uso unaogusa habu. Kikizidi, tairi hukwaruza springi au mkono wa usukani. Kikipungua, tairi hutoka nje na kula madigadi. Pima ukiwa umekata usukani hadi mwisho pande zote mbili, na gari likiwa limeshuka kwa uzito wake, si likiwa juu ya jeki.

La tatu ni breki. Rimu nyingi za zamani zilichorwa kwa ajili ya breki za ngoma. Gari likiwekewa breki za diski, mikono ya rimu huweza kugonga kalipa. Ndiyo sababu American Racing walitoa Torq Thrust D, yenye mikono iliyopindwa ili kuipisha breki ya diski. Zungusha gurudumu kwa mkono kabla ya kulishusha chini.

La nne ni nati. Umbo la nati lazima lifanane na umbo la tundu: koni kwa koni, bapa kwa bapa, shingo kwa tundu la shingo. Nyuzi zinazoshika zisipungue unene wa stadi yenyewe. Stadi ya nusu inchi itake nati izunguke mpaka ishike walau nusu inchi.

La tano ni kukaza. Safisha nyuso mbili zinazogusana. Kaza kwa mkono kwanza, kisha kwa spana kwa kuruka, si kwa kufuata mduara, ili rimu ikae sawa. Malizia kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Kwa stadi ya nusu inchi kiasi cha kawaida ni kati ya Nm 100 na 115, isipokuwa mtengenezaji ameagiza vingine. Kisha endesha kilomita 80 hadi 160, simama, ukaze tena kwa kipimo kilekile. Hatua hii ya mwisho ndiyo husahaulika zaidi, kwa sababu wakati huo rimu tayari inang'aa na watu wamekwisha kuisifu.

Kutoka inchi hadi milimita

Msomaji anaweza kuuliza, haya yote yanatuhusu nini sisi ambao hatujawahi kuona GTO barabarani? Hapa ndipo niliposhangaa zaidi. Mark II ya kaka yangu ina stadi tano kwenye duara la milimita 114.3. Harrier ni 114.3. Nilijiuliza kwa nini Mjapani, anayepima kwa milimita, achague namba yenye nukta kama hiyo badala ya 115 au 110. Gawa kwa 25.4, yaani idadi ya milimita katika inchi moja. Jibu ni 4.5 kamili. Ni duara la Mustang na Charger. Hiace mpya, ambayo kaka aliiendesha kama takisi, ina stadi sita kwenye duara la 139.7, yaani inchi 5.5. Hata Land Rover Defender ya zamani, iliyotoka kwa Waingereza, ina 165.1, na hiyo ni inchi 6.5. Inchi ilivaa nguo za milimita na kuja kuishi nasi.

Basi nilipokuwa nikichuchumaa uani kwetu na wili spana mkononi, nilikuwa nimeshika mwisho wa kamba ndefu. Rimu zile ziliingia kwenye stadi bila taabu kwa sababu duara lilikuwa lilelile la miaka ya 1960. Zilituaminisha kwamba zimefaa. Lakini nati za kiwandani za Mark II ile zilikuwa na shingo na washa bapa, kwa ajili ya rimu zake za asili, na rimu mpya zilitaka nati za koni. Kipimo kimoja kililingana, kingine hakikulingana, nasi tulikagua kile kimoja.

Hitimisho

Katika insha hii nimejaribu kuonyesha kwamba historia ya rimu za magari ya misuli haiishii kwenye uzuri wala mbio. Ni historia ya viwanda visivyokubaliana kuhusu kipimo, ya soko lililouza kukubaliana huko kwa njia ya washa, na ya sheria iliyofika baada ya watu kuumia. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Rimu njema vilevile si mng'ao, bali ni jinsi inavyokaa kwenye habu, mahali ambapo hakuna anayepaona gari likipita.

Kaka yangu anatembea, ingawa asubuhi za baridi mguu humsumbua. Alipotoka hospitali alisema kosa ni lake, kwa kuwa gari ni lake. Baba alisema kosa ni la muuzaji. Mimi nilinyamaza. Nilipomaliza kuandika insha hii nilimsomea yote, hadi pale niliposema "Tunazo." Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza nati za koni huuzwa shilingi ngapi siku hizi. Nilimtajia bei. Zote ishirini zilikuwa nafuu kuliko nauli aliyokusanya kwa safari moja ya kwenda Masaka.